Usipa Kwenye Mshipa wa Hyasinti

Hyasinti alikuwa akipanga nyasi za ngolo, yale mashimo ya kuzuia mmomonyoko, kwenye mteremko wa shamba lake, juu ya Mbinga, kifua kilipombana tena. Alikaa chini, akazima kiko, akasubiri. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea kahawa vijijini, na kila kitu kilisemekana sasa ni huria.

Hospitalini, Daktari Festo, kijana aliyehamishiwa kutoka Mwanza, alimpa shikamoo, kisha akamweleza bila kumficha. Mshipa unaolisha moyo ulikuwa umezibwa na mafuta. Tumbaku ilichangia, presha ilichangia, na kitimoto cha kila sikukuu hakikubaki nyuma. Huko India madaktari hupitisha mrija mwembamba hadi moyoni, hujaza kiputo kidogo, na kuacha wavu wa chuma ushikilie njia.

"Kama nyasi za ngolo zinavyoshikilia ukingo," alisema Hyasinti.

"Hivyo hivyo, mzee. Ila mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, au njia ikaziba upya."

"Mimi nitakwenda lini?"

Festo alitazama dirishani. Waliopelekwa India kwa gharama ya serikali walikuwa wakubwa tu. Akamshauri akapumzike kando ya Ziwa Nyasa.

Hyasinti akateremka Ngumbo kwa dada yake Vitalia, aliyeolewa na Mnyasa. Asubuhi moja, alipokuwa akimsaidia kuosha usipa, dagaa wa ziwa hilo, mmoja aliyekuwa bado hai alimwingia mshipani kwenye kifundo cha mkono na kuanza kupanda.

"Usiutikise mkono, kaka," alisema Vitalia. Akamfunga kitambaa, akaendelea kuanika.

Jumapili samaki alifika moyoni, akala mafuta, akajikunja pale pale penye ufinyu, akatulia. Hyasinti alipanda kilima cha kanisa bila kupumzika na kuimba besi misa nzima. Alijisikia raha ambayo hakuwa nayo tangu ujana.

"Samaki amekaa vizuri," alisema Festo alipompima. "Meza aspirini, damu isimgandie. Na tumbaku basi, la sivyo atazibwa yeye."

Tangu hapo Festo akawa anawaelekeza wagonjwa wa kifua Ngumbo, na Hyasinti akawa anawapokea. Wengi walipona. Mmoja wao, Othmar, alichanika mshipa samaki akiwa njiani, wakamzika vizuri, na foleni ikaendelea.

Ndipo mheshimiwa mmoja akaja kulishukuru ziwa. Alitangaza kwamba, kwa kuwa samaki wanafanya kazi, wananchi wa huku hawatahitaji mashine wala safari za nje. Watu wakapiga makofi. Hyasinti akamwona mheshimiwa anaegemea gari, jasho linamtoka, mkono uko kifuani. Alimwonea huruma.

"Karibu, mheshimiwa. Weka mkono hapa majini."

"Ni salama?"

"Wengi wamepona. Othmar alikufa."

Mheshimiwa aliyatazama maji, akaingiza mkono mfukoni. Akasema yeye ndege yake ya India ni Alhamisi.

"Basi safari njema," alisema Hyasinti, kwa moyo mweupe kabisa. Akamgeukia mwalimu Ida, aliyefuata kwenye foleni, akamkunjia mkono wa gauni.