Mkono wa Kulia wa Shamsia

Jumanne asubuhi, katika hospitali moja mjini Korogwe, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aitwaye Emiliana alimkalisha Shamsia kwenye benchi na kumpapasa bega. Lilikuwa limekaza tangu Februari. Mwezi huo binti yake Husna, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikamatwa njiani kule Kwedizinga akitoka shule, akapakiwa kwenye pikipiki na kupelekwa Vugiri kwa mwanamume aliyetaka kumuoa. Shamsia, aliyekuwa amekwenda kumpokea, alimng'ang'ania mwanawe, hakuachia mpaka bega likateguka.

"Mama, uwe unaupeleka mkono pembeni, mbali na mwili," Emiliana alisema, amemshika kiwiko. "Polepole. Ukiuma, pumzika."

"Na ukienda moja kwa moja?"

"Utarudi tu."

Akaandika kwenye kadi: mkono wa kulia, mara tatu kwa siku, *abduct*. Ndivyo Kiingereza cha hospitali kinavyoliita zoezi hilo.

Siku ya tisa Shamsia alikuwa uani, amemaliza kufua. Mkono ulikwenda pembeni, ukaendelea. Ulitoka begani bila damu wala maumivu, ukapita kwenye ua, ukashika njia ya Korogwe. Shamsia alianika nguo zilizobaki kwa mkono wa kushoto, kisha akaenda polisi.

Alikwishafika pale mara tano kwa ajili ya Husna, na kila mara aliambiwa hayo ni mambo ya kifamilia, wakakae wazungumze. Safari hii alimpa askari wa mapokezi, Sadala, ile kadi ya hospitali. Sadala aliisoma, akakaa sawa. Neno lile alifundishwa chuoni, kwenye somo la sheria: kumchukua mtu kwa nguvu na kwenda naye.

"Hili ni kosa la jinai, mama. Tena limeandikwa hospitali."

"Hapo ni mkono, afande. Neno hilo ni la binti yangu. Mwandike yeye."

"Binti hana kadi."

Jalada likafunguliwa. Mafuta ya gari yakapatikana siku hiyo hiyo.

Askari waliukuta mkono Vugiri, jikoni kwa yule mwanamume, ukimsuka Husna. Kwa kuwa ulikuwa mmoja, Husna aliushikia nywele. Aliwaamkia askari, akaomba aondoke nao. Sadala alipekua jalada mara mbili, akamweleza kwa upole kwamba jina lake halimo. Kisha akampigia simu Shamsia.

"Umepatikana, mama. Ni mzima. Tuulete?"

"Huo mkono unafanya nini?"

"Unamsuka. Umefika nusu ya kichwa."

"Basi uacheni."

Sadala akaandika kwamba mlalamikaji ameondoa malalamiko yake, akafunga jalada.

Shamsia alikaa kwenye mkeka. Kwenye vidole ambavyo hakuwa navyo alizihisi nywele za Husna, zimekakamaa kwa moshi wa kuni. Akagawa njia ya mstari uliofuata, taratibu, maana nyuma ya sikio mtoto huyu huumia upesi.