Baya Kuliko Yote

"Usinishikie kisu," alisema Marlys Pascoe. "Mikono ninayo bado, hata kama imeanza mgomo."

Binti yake, Corliss, akaurudisha mkono wake mfukoni. Marlys aliinamia pai ya nyama na viazi, na kwa ncha ya kisu akachora herufi mbili kwenye kona ya unga: E, L. Ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida. Hapa Butte, mji wa shaba katika jimbo la Montana, desturi hiyo ilianza chini migodini, mtu alipokula nusu akabakiza nusu na kutaka kuijua yake baadaye. Migodi ile ilishafungwa, lakini wazee wachache bado wanadai herufi zao, na Marlys aliwachorea bila kinyongo, hata wale wasumbufu.

Msumbufu mkubwa alikuwa Eino Lahti, mchimba shaba mstaafu wa miaka themanini na minne, ambaye pai yake haitiwi kitunguu. Asubuhi hiyo ya Machi alikuwa amekaa kwenye kaunta ya mgahawa wa Marlys, kofia bado kichwani.

"Bibie, hiyo dawa yako," alisema, "ni kweli hakuna aliyewahi kuinywa?"

"Hainywewi. Inadungwa mgongoni. Na hakuna."

"Sasa mtu unajuaje kama ni tamu?"

"Wewe miaka arobaini unakula pai isiyoliwa na mtu mwingine, nani amekuuliza?"

Eino alicheka hadi akakohoa. Kweli, dawa yenyewe ilikuwa ya namna hiyo. Maradhi ya mishipa ya fahamu yalimwanza Marlys kwenye kidole gumba miaka miwili nyuma, na madaktari walipopima damu walikuta kosa moja dogo kwenye vinasaba vyake, kosa ambalo hawajaliona kwa binadamu mwingine. Dawa ya kosa hilo ingetengenezwa kwa ajili yake peke yake. Isingeweza kujaribiwa kwanza kwa wagonjwa mia, maana wagonjwa mia hawapo. Zamani hapo ndipo mambo yangeishia. Sasa jimbo lilikuwa limepitisha sheria: mgonjwa wa maradhi ya kuua akishauriwa na daktari wake ana haki ya kuiomba dawa kama hiyo, mradi aweke ridhaa yake kwa maandishi.

Na sheria hiyo, jamani, Corliss alikuwa na mkono wake ndani yake. Corliss ni dereva wa greda la kusafisha theluji, mtu asiyependa kabisa kuongea mbele za watu. Lakini majira ya baridi yaliyopita aliendesha gari hadi Helena, mji mkuu wa jimbo, akasimama mbele ya kamati ya wabunge, akatumia dakika zake mbili kusema, "Mama yangu anaitaka dawa hii." Mama yake alikuwa hajasema neno kama hilo. Kikao kilirushwa hewani, na Marlys alizipata habari kutoka kwa Eino, hapo hapo kauntani. Siku tisa hakuongea na binti yake. Corliss akija kula, aliulizwa kama mgeni yeyote, "Kavu au ya mchuzi?" na basi.

Tatizo ni kwamba Marlys alikuwa mtu mwenye furaha. Alipenda kuamka saa kumi alfajiri, alipenda harufu ya mafuta na unga, alipenda hata ubishi wa wazee. Bila dawa, daktari alimpa mwaka mmoja wa kuitumia mikono, labda na miezi kadhaa juu yake, kisha kifua kingeanza kushindwa kupumua. Kwa dawa, maradhi yangeweza kusimama. Au mikono ingelala ndani ya wiki chache, na mwaka wake mzuri ungekuwa umepotea. Ndicho kilichomkosesha usingizi, na alikiogopa kwelikweli.

Saa nne daktari wake, Halvorsen, aliingia akipangusa theluji viatuni. Alikuwa amesafiri kutoka mji wa Missoula, kwa sababu Marlys alikataa kuacha kazi siku ya Alhamisi. Walikaa meza ya dirishani. Daktari akasoma fomu ya ridhaa taratibu, ukurasa kwa ukurasa: kwamba bima inaweza kukataa, kwamba huduma ya muuguzi wa nyumbani inaweza kusitishwa.

"Hapa uandike kwa maneno yako," alisema. "Jema kuliko yote unalotarajia, na baya kuliko yote linaloweza kutokea."

"Jema ni niendelee kuja hapa."

"Na baya?"

"Andika kufa, Mama," Corliss alisema kwa sauti ndogo. "Ndilo wanalotaka."

"Nimekuomba unisaidie?"

Marlys aliikamata kalamu kwa ngumi nzima, kama anavyokamata kisu, akaandika. Mchuzi ulianza kuchemka jikoni na hakuna aliyeinuka. Alipomaliza, daktari alimwomba Eino, aliyekuwa shahidi, asome kwa sauti ili wote wakubaliane kilichoandikwa. Mzee alivua kofia, akatafuta miwani.

"'Baya kuliko yote,'" alisoma, "'ni dawa ishindwe, halafu Corliss ajione ndiye aliyeniua. Si yeye. Niliitaka mwenyewe.'"

Corliss alifunika uso kwa mikono yote miwili. Daktari alitazama nje. Eino aliirudia ile sentensi ya mwisho kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akasaini jina lake chini.

"Uliitaka lini?" Corliss aliuliza baadaye.

"Jana jioni. Nilikuwa naosha sufuria."

"Kwa hiyo Helena nilidanganya."

"Ulidanganya. Sasa si uongo tena." Marlys aliinuka kwa kujishika kwenye meza. "Nawa mikono. Kuna pai ishirini hazijafungwa, na mimi leo nimeandika sana."

Corliss alinawa hadi viwikoni, akaja kusimama kwenye meza ya kukandia unga na mikono yake mikubwa ya usukani. Pai yake ya kwanza ilifura upande mmoja na upande wa pili ikavuja. Marlys aliigeuza, akaitazama kwa muda, kisha akaisukuma ndani ya oveni pamoja na zingine.