Vyumba vya Bi Viraka

Kwa miaka tisa fundi cherehani alimwambia mkewe "wiki ijayo". Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa lake.

Mkewe alitengeneza vyumba vidogo vya maonyesho kwenye jumba la makumbusho: kitanda kama kiberiti, pazia la upana wa vidole viwili. Vitambaa aliviokota chini ya cherehani ya mumewe. Fundi alimtania kwamba anawashonea panya, akambandika jina la Bi Viraka. Kila chumba kilipokamilika mke alimwalika akakione, na kila mara kulikuwa na suti ya bwana harusi inayosubiri vifungo.

Sasa Bi Viraka ana miezi mitano kaburini, na nyumba inampwaya fundi. Hana hata wa kumtania.

Siku moja alifunga duka asubuhi, akaenda kwenye jumba la makumbusho. Alitaka jambo moja tu, ingawa aliona haya kulitamka: kujua kama katika vyumba vyote hivyo mkewe alimwachia yeye nafasi. Akapita darasa, saluni, chumba cha daktari, akiinama kwenye kila kioo huku mgongo ukilalamika. Mishono ilikuwa safi kuliko yake, alikiri kimoyomoyo. Yeye hakujiona popote. Basi alalamike kwa nani? Mkono mtupu haulambwi.

Chumba cha mwisho kilikuwa chao. Alilitambua zulia, kipande cha koti lake kuukuu. Mezani palikuwa na sahani mbili: moja imeshaliwa, nyingine imefunikwa. Mbele ya ile iliyofunikwa, kiti kilikuwa kimevutwa nje kidogo, tayari kukaliwa.

Mlinzi, mama wa makamo, alisogea. Alisimulia kwamba mwenye kazi hiyo alikuwa akija kila Alhamisi kupangusa vumbi, mcheshi kweli, na siku moja yeye mlinzi alimwuliza hiyo sahani iliyofunikwa ni ya nani.

"Akaniambia ya mume wake," alisema mlinzi. "Eti yuko njiani."

Fundi alikitazama tena kile kiti kilichovutwa. Akashika ukingo wa kioo.

"Lakini huyo mume mwenyewe, mzee wangu, sijawahi kumwona hapa."

"Amefika leo, dada," alisema fundi. "Amekuta mwenye nyumba ameshaondoka."