Ridhaa ya Shangazi

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa shangazi. Sikumchagua, kliniki ya figo ndiyo iliyomleta kwenye chumba chetu cha utafiti. Daktari mkuu, aliyekaa nyuma yangu akinipima kama ninafaa kuwa mtafiti msaidizi, alidhani namwita shangazi kwa adabu tu. Hakujua kwamba ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki.

"Afadhali ni wewe," shangazi alisema akivuta kiti. "Nitie sahihi wapi?"

"Subiri kwanza, shangazi. Lazima nikueleze."

"Unieleze nini, nawe ni mtoto wangu? Kwani utaniua?"

Nikamweleza. Dawa ni mpya. Huenda ikapunguza kasi ya figo kuharibika, huenda isisaidie kitu. Nusu ya wagonjwa watapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, na hakuna atakayejua nani kapata vidonge vipi, hata mimi.

"Yaani nimeze unga mwaka mzima? Hata panya hakubali!" Akacheka, kisha akashika miguu yake iliyovimba na kicheko kikakatika. Akaniinamia. "Mwanangu, niambie kweli. Ungekuwa mimi, ungeingia?"

Moyo wangu wote ulikuwa unapiga kelele: ingia! Niliitaka hiyo dawa kwa ajili yake kuliko nilivyoitaka kazi. Lakini nilijua nikiitikia kwa kichwa tu, atatia sahihi. Asingekuwa ameukubali utafiti. Angekuwa amenikubali mimi.

Nikaweka kalamu chini, nikamgeukia daktari.

"Huyu ni shangazi yangu wa damu. Ndiye aliyenilea. Sifai kumwomba ridhaa. Naomba Twiga achukue nafasi yangu."

Twiga, mwenzangu mrefu wa meza ya pili, akainuka. Shangazi akanikata jicho.

"Kumbe! Nimekusomesha uje unikane mbele za watu?"

Nilitoka nikaegemea ukuta wa korido, machozi yakinilenga. Kazi niliiona imeota mbawa, ila kilichoniuma si kazi. Ni lile neno: unikane.

Shangazi alikawia ndani. Alipotoka alikuwa ameshikilia fremu ya mlango.

"Nimekataa," akasema. "Kutolewa damu kila wiki, safari kila wiki, mimi huyu? Sitaki. Twiga wako kanisikiliza mpaka mwisho."

Nilitamani kumbembeleza, kumpigia magoti.

"Wewe nisingeweza kukwambia hapana," akaendelea, sauti imeshuka. "Ningekubali, halafu ningekuchukia kila wakinichoma sindano."

Daktari akachungulia, akatutazama.

"Mrudishe shangazi yako kliniki, foleni isimpite. Halafu uje haraka, kuna mgonjwa mwingine anakusubiri."

Shangazi akanipa mkoba wake nibebe, akanishika mkono, tukaanza kutembea polepole.