Bakuli la Ubani

Nimegema ubani miaka arobaini nyuma ya milima ya Dhofari, na hakuna wa kunifundisha mti ule. Ujuaji wangu huo ndio ulionimaliza.

Binti yangu Tufuli alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoanza kuharisha damu. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamtoka zenyewe. Hospitali walisema utumbo umevimba na kufanya vidonda, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Vilimsaidia, ila vilimvimbisha uso, na posa ilikuwa imeshaletwa. Ikawa hataki hata kujitazama kwenye kioo.

Basi akaja daktari mtafiti, Ahlam, mwanamke wa Maskati, kuchukua ubani wangu ule mweupe. Alisema ndani yake mna kitu ambacho huenda kikatuliza uvimbe wa utumbo. Walikuwa wamekijaribu kwa panya. Nikamweleza ugonjwa wa binti yangu.

"Lakini mzee Musallam, ni huenda tu," akasema. "Tufuli asiache vidonge hata siku moja."

Nikacheka. "Yaani utoke kote huko kuja kutafuta dawa kwenye mti wangu, halafu uniambie mti wangu hautoshi?"

"Nakuambia bado hatujui, mzee wangu."

Mimi nikasikia nusu niliyoitaka.

Jioni ile nililoweka punje za ubani kwenye bakuli, kama walivyofanya mama zetu. Alfajiri maji yalikuwa meupe.

"Kunywa, mwanangu. Achana na vile vidonge vinavyokuharibu sura."

"Baba, una hakika?"

"Ala! Wewe ndiye wa kunifundisha ubani?"

Akacheka, akanywa. Miezi miwili alikuwa mzima kabisa, uso ukarudi wake, akaanza kutarizi nguo ya harusi. Nami nikajigamba kila baraza kwamba ubani wangu umemponya, ila la kumwachisha vidonge sikulitaja. Mwezi wa tatu damu ilirudi, akanificha. Nadhani hakutaka kuniaibisha.

Siku aliyoanguka, utumbo ulikuwa umeshatoboka. Daktari wa zamu akamuuliza, "Nani kakuambia uache dawa?"

Tufuli akanitazama. Wallahi, naliona jicho lile mpaka leo.

"Hakuna. Niliamua mwenyewe. Baba hajui kitu."

Nami nikanyamaza, mwanamume mzima na ndevu zangu. Siku ya pili yake akafa.

Matangani, mke wangu Bakhita aliwalilia wanawake: "Nilimwambia asiache vidonge! Mbishi yule! Sikio la kufa halisikii dawa!" Nilimsikia kutoka uani. Nikanyamaza tena.

Mwaka ukapita. Juzi Ahlam alirudi kutaka ubani mwingine, maana utafiti wao bado haujaisha. Bakhita akamimina kahawa, akaanza yale yale.

"Angekuwa hai leo, daktari, ila ukaidi wake. Mpaka sasa sijaweza kumsamehe."



"Mama Tufuli," nikasema, "mtoto hakuwa mkaidi. Alitii. Mimi ndiye niliyemwachisha vidonge."

Ahlam akainamisha kichwa. Bakhita akaweka birika chini, polepole. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

"Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima, Musallam, umeniacha nimkasirikie mwanangu kaburini?"