Shukrani za Miaka Ijayo

Simu ya Pintos, mchonga vibao, ilimkuta Zulma Arbiza zizini, mkono mmoja umezama ndani ya ng'ombe hadi begani. Mwenye ng'ombe ndiye aliyemshikia simu sikioni.

"Daktari, ile zawadi yako ya kushtukiza iko tayari. Pita uichukue kabla sijafunga."

"Zawadi yangu ya nini?"

"Ya kushtukiza. Mwenyekiti wenu kasema ni siri, usije ukajua. Sasa mimi kwenye chama chenu namjua nani mwingine? Ukipenda, jifanye hujasikia."

Zulma hakushtuka hata kidogo. Wiki mbili nyuma Gervasio Larrañaga, mwenyekiti wa chama cha madaktari wa mifugo wa mkoa, alikuwa amempigia kuuliza vibao vya heshima huwa vinachongwa wapi, eti anauliza tu. Baadaye akapiga tena kuuliza kama mtu wa umri wake hupendelea shaba au mbao. Hata kumficha jambo walishindwa bila yeye kuwaonyesha njia.

Katika simu ile ya pili Zulma naye alisema lake. "Gervasio, mkutano wa mwaka huu ndio wangu wa mwisho. Tafuteni katibu mwingine."

"Tutaongea, dada. Baada ya nyama."

Huko Paso Hondo, mjini kwao, kila jambo zito huongelewa baada ya nyama, na baada ya nyama watu husinzia. Ndivyo alivyokaa kwenye ukatibu huo miaka yote. Aliyekuwepo kabla yake alihamia ng'ambo, Brazili, Zulma akashika nafasi kwa muda tu, mpaka mtu mwingine anyooshe mkono. Mkono haukunyooshwa. Kila mwaka aliomba kupumzika, na kila mwaka wanaume wanaoweza kumwangusha fahali kwa kamba moja waliinamisha vichwa wakatazama viatu vyao kana kwamba wamevinunua jana. Hakuna aliyemlipa, wala hakutaka malipo. Yeye ndiye aliyetafuta ukumbi, akambembeleza mhadhiri kutoka mji mkuu, Montevideo, akampokea kituo cha basi, akaazima viti parokiani na kuvirudisha, akachemsha maji ya chai, akafuta meza. Na katikati ya hayo yote alikuwa na ng'ombe wake wa kutibu kama wenzake.

Sasa alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Bega lilimuuma, na Jumamosi zake hakukumbuka tena zilikuwa za nani. Alitaka kutoka, basi, na alitaka kutoka mwaka huu.

Kibao alikichukua jioni ileile. Akakifungulia ndani ya gari, maana nani angevumilia? Shaba safi, herufi nzuri. "Kwa Dkt. Zulma Arbiza, nguzo yetu nyuma ya pazia. Asante kwa miaka yote iliyopita." Machozi yakamlengalenga. Hakujua kama alikuwa na njaa kiasi hicho ya kuambiwa asante. Kisha akaona mstari wa chini: "Na kwa yote ijayo." Machozi yakakauka papo hapo. Hawa watu walikuwa wanamfunga kamba kama ndama, na kamba yenyewe wameing'arisha.

Jumamosi aliwahi ukumbini kabla ya wote, isipokuwa Waldemar Techera. Huyu naye alikuwa daktari wa mifugo, mjane, mwenye tumbo la heshima, na ndiye aliyekuwa akiwachomea nyama kila mwaka. Kuni zake zilikuwa zimeshakuwa makaa.

"Umekiona?" akauliza, akimpa kibuyu cha chai chungu na mrija wake.

"Nimekileta mwenyewe. Kiko jikoni, chini ya masufuria."

"Heee! Na mshangao utaufanyaje?"

"Nimejaribu mbele ya kioo. Nafanana na kondoo anayechanjwa."

Waldemar alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalivuta aproni lake mbele, limetariziwa jina lake kwa uzi mwekundu. "Ukikipokea umekwisha, mama. Mimi walinipa hili, nikaona haya kuacha. Ona, mpaka leo nageuza mbavu."

"Basi nikikatae?"

"Mbele za watu? Watasema una roho mbaya. Pokea, lia kidogo, maisha yaendelee."

Mkutano ukaenda kama kawaida. Mgeni wa Montevideo akazungumza juu ya kupe mpaka watu wakajikuna. Nyama ikaliwa. Zulma hakukaa. Chumvi ilihitajika upande huu, mkate upande ule, na kipaza sauti kilikwaruza kila alipokipa kisogo. Mwisho Gervasio akapanda jukwaani, uso mwekundu kwa divai na furaha ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

"Wapendwa, kuna watu hatuwaoni," akaanza. Zulma, aliyesimama na beseni la saladi mkononi, akawaza: unanipigia simu kila siku, bwana, hunioni vipi? "Leo tumeamua kumshtukiza mmoja wao." Gervasio akapapasa meza, akainama chini yake, akainuka. "Zulma, dada... kile kitu kiko wapi?"

"Chini ya masufuria."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Zulma akaenda jikoni, akakileta kibao, akampa Gervasio ili Gervasio ampe yeye. Watu wakasimama. Makofi yalikuwa mengi na hayakuwa ya uongo, na moyo wake, ambao alikuwa ameuambia utulie, haukutulia. Aliwapenda hawa watu. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Akashika kipaza sauti. "Asanteni. Nimefurahi, siwadanganyi. Ila hapa chini mmeandika 'na kwa yote ijayo'. Hiyo siikubali. Leo naacha."

"Anatania huyo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Sitanii. Nani atachukua?"

Vichwa vikainama. Viatu vikatazamwa. Hata mgeni wa kupe alitazama vyake.

"Zulma," Gervasio akamnong'oneza, "si tulisema tutaongea baada ya nyama?"

"Nyama mmeshakula. Mimi ndiyo kwanza naenda kula." Akaweka kipaza sauti mezani, akatoka nje. Akavuta kiti karibu na makaa, na Waldemar, bila kuuliza, akamkatia ubavu.

Hajameza tonge la kwanza, wakaanza kuja.

"Daktari, lile birika kubwa linawashwaje?"

"Sijui."

Neno lilimtoka kwa shida, kwa kuwa alijua. Lilikuwa na kitufe nyuma, lazima ukibonyeze huku unalitikisa.

"Daktari, basi la mgeni linaondoka saa ngapi?"

"Sijui."

Waldemar akamkazia macho. "We Zulma! Mtoto wa watu atalala hapa."

"Ana mdomo. Ataulizia."

Gervasio alikuja wa mwisho, safari hii bila utani. "Viti vya parokia vinarudi vipi?"

"Sijui, Gervasio."

Akajikuna kichwa, akarudi ndani. Zulma akatega sikio. Aliomba, na tusimfiche, aliomba kila kitu kiharibike. Birika liungue, mgeni akose basi, padri aje juu kudai viti vyake. Wajue. Angalau mara moja wajue.

Kupitia dirishani akawaona. Gervasio alikuwa amekunja mikono ya shati, akipanga viti kimoja juu ya kingine, vikienda upande, lakini akivipanga. Daktari mmoja kijana kutoka Cerro Chato, ambaye hajawahi hata kuinua kikombe chake, alikuwa anafuta meza kwa fulana ya mtu. Mvuke wa maji ya moto ulitoka jikoni. Kitufe walikuwa wamekiona. Mtu akamuita mgeni, gari likawaka, likaelekea kituoni. Sakafu ikafagiliwa vibaya, ila ikafagiliwa. Haikuchukua muda mrefu. Wala hakuna aliyenung'unika. Wawili hata walikuwa wanaimba.

"Unaona?" Waldemar akasema, amefurahi kwa niaba yake. "Umewaachia na hawajafa. Wanaweza, bwana!"

Zulma akauweka ubavu kwenye sahani. "Wanaweza," akasema. "Waldemar, hawa siku zote walikuwa wanaweza."

Akalia, si kidogo kama alivyoshauriwa. Alilia kwa sauti, mikono yenye mafuta imelala mapajani, Jumamosi zote alizowapa zikimpita moja baada ya nyingine. Waldemar akavua aproni, akalitundika msumarini, akavuta kiti, akakaa karibu naye.