Maua ya Kimuli

Jumamosi za masika, gari la parokia liliwashusha wageni kwenye kona ya Kimuli, na Kantengwa akawapokea akiwa na mabuti ya mvua na koo lililokauka kwa maneno yale yale. Walikuwa masista, walimu, na wake za maofisa waliotoka Bukoba na viatu visivyofaa tope. Aliwaongoza mlimani kutazama miti na maua ya asili. Aliwaonyesha omurinzi, mti wenye maua mekundu, akaeleza kuwa magome yake ni dawa. Alikwisha kueleza hivyo mara nyingi mno, hata mdomo ulijisemea wenyewe huku yeye akiwaza maharage aliyoyaacha motoni.

Mlima wote huo ulikuwa vibanja vya watu, migomba na kahawa, kabla haujatangazwa kuwa hifadhi. Watu waliondolewa, migomba ikafyekwa, na maua ya porini yakaota kwa utaratibu wake: ya njano palipokuwa na kuta, meupe palipokuwa na mafiga. Ukisimama juu uliona kijiji kizima, nyumba kwa nyumba. Wageni walisifu mpangilio, na sista mmoja aliuliza nani aliyapanda.

Mwisho wa njia, penye safu ya miti ya milamula iliyowahi kuwa mpaka wa kibanja chao, alikaa Gaspari, baba yake Kantengwa. Alifariki mwaka wa vita na Amin na akazikwa hapo hapo. Amri ya kuhama ilipokuja ilisomewa walio hai tu, kwa hiyo yeye hakuhama. Wageni walimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia na kuwagawia punje za kahawa kavu za kutafuna. Hiyo ndiyo karibu ya Wanyambo, wenyeji wa huko. Gaspari alikuja kutoka Rwanda akiwa kijana, akaikuta desturi hiyo na kuishika kuwashinda wenyewe.

Placidius, bwana misitu, Mhaya wa Muleba mwenye goti bovu, hakuwa na neno naye, mradi asichimbe kitu.

Mama yake Kantengwa, Therese, alikuwa kijiji cha Mabira walikohamia, kwenye kibanda cha kuazima, kifua kikimbana. Alikuwa na ombi moja tu: azikwe kando ya mumewe.

Kantengwa alimfuata Placidius ofisini. "Bwana, mama hana siku nyingi. Naomba shimo moja tu, pale kwa baba."

"Dada Kantengwa, ningekuwa na uwezo, wallahi ningekupa. Hifadhi haichimbwi."

"Ni kwake pale."

"Palikuwa kwake." Akashika goti lake, akaonekana kuumwa kweli.

Therese akafa. Walimzika Mabira, pembeni mwa shamba la watu, migomba ya jirani ikimdondoshea maji. Kantengwa alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa msiba. Hasira nayo inachosha, jamani. Jumamosi alirudi kazini.

Wageni walipojipanga, mama yake alikuwa wa mwisho kwenye mstari, pindo la kitenge likiwa na udongo mbichi. Sista Xaveria alimpa nusu ya mwavuli wake. Kantengwa akaongoza, akaeleza omurinzi, mama akaitikia kwa kichwa kama wengine.

Penye milamula, Gaspari aligawa kahawa mkono kwa mkono. Alipofika kwa mkewe akampita.

"Mwenyeji hapewi kahawa," alisema, akasogea kumpa nafasi kwenye gogo alilokalia. Therese akaketi. Wakaongea Kinyarwanda taratibu, habari za mbuzi aliyekufa zamani na nani alimwacha bila maji. Kantengwa aliwatazama, na moyo wake ukatulia. Alitamani saa isimame.

Kipenga cha Placidius kikalia. Wageni wakainuka, Therese hakuinuka. Placidius akapanda akichechemea.

"Shikamoo, mama. Muda umekwisha."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeshafika."

"Anayelala humu ni aliyezikwa humu. Wewe umezikwa Mabira, mama. Wewe ni mgeni."

Therese akatoka. Jumamosi iliyofuata alirudi, akatolewa tena. Ya tatu alimsubiri Placidius akiwa ameketi vilevile. "Mgeni siku mbili," akamwambia, "siku ya tatu mpe jembe. Haya, leo ya tatu. Liko wapi jembe langu?"

Placidius alicheka mpaka akashika mti. "Mama, leo umenipata!" Akafuta machozi, akapuliza kipenga mara ya pili. Gaspari alimsindikiza mkewe mpaka kwenye mlamula wa mwisho, akasimama hapo, maana mpaka wake uliishia hapo.

Kule barabarani kazi ya Kantengwa ilikuwa kumpa kila mgeni mkono wa kwaheri. Aliwapa masista, akawapa walimu. Alipofika kwa mama yake aligeuka kuona kama Placidius anatazama. Alikuwa anatazama. Kazi ile ndiyo iliyolisha wanawe.

"Asante kwa kututembelea, mama," alisema. "Karibu tena."

Therese akampokea mkono kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Maua yenu mazuri."

Gari la parokia lilikuwa limejaa. Therese akashika njia ya Mabira kwa miguu.